Kanari wa Daktari kwa Chiriku wa Fundi

Duka la chakula cha ndege lilikuwa limefurika Jumamosi ile, watu wakisukumana kati ya magunia ya mtama na matundu ya waya, na katika msongamano huo mikono miwili ilishika pakiti moja ya mbegu.

“Niachie tu, dada. Nina chiriku sita nyumbani wana njaa,” alisema kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi kisawasawa.

“Na mimi nina kanari, anaimba. Hao wako wanafanya nini zaidi ya kelele?”

“Wanazaana.”

Dada alicheka bila kupenda. Alikuwa amevaa gauni la kijani, koti jeupe la duka la dawa likining'inia mkononi. Kijana alikuwa fundi saa. Waligawana mbegu, wakapeana namba, na tangu siku hiyo yeye akawa Daktari, kijana akawa Fundi.

Mapenzi yalinoga, nisiwafiche. Lakini Daktari alikuwa ameshaungua. Mchumba wake wa kwanza alimdanganya kwa vitu vidogo vidogo, mpaka likaja kubwa: kumbe ana mke. Kwa hiyo Fundi alipotaja ndoa, Daktari alimtazama kama anayetazama dawa iliyopitwa na muda.

“Kanari wangu akakae na chiriku wako, tundu moja, mpaka mvua ziishe,” alisema. “Wakielewana, nitakujibu.”

“Hilo tu? Mpenzi, hao wataishi kama ndugu.”

Wanaume wakishapenda huahidi kwanza, akili huja baadaye. Kanari alihamia kwa Fundi. Daktari, aliyebanwa na zamu, akawa anamsikia kwa simu tu.

“Kanari wangu hajambo? Niwekee nimsikie.”

“Hajambo, roho yangu. Amelala.”

“Saa nane mchana?”

“Joto limemchosha.”

Kesho yake alikuwa anakula. Keshokutwa anaoga. Daktari akaanza kuhisi kuna jambo linafichwa, na mtu aliyekwisha kudanganywa akianza kuhisi, usingizi humpaa.

Alasiri moja alipiga tena. “Uko wapi?”

“Nyumbani, nimejipumzisha.”

Nyuma ya sauti yake kanari aliimba, ule wimbo wenye mkato mwishoni ambao Daktari angeutambua popote, na juu yake kikasikika kicheko cha mwanamke. Alikata simu, akaaga kazini, akaenda moja kwa moja hadi kwa Fundi. Mama mwenye nyumba alikuwa uani akifua.

“Shikamoo, mama. Fundi yupo?”

“Marahaba, mwanangu. Hayupo tangu asubuhi. Na juzi alitoka na kile kindege cha njano, amekifunika kitambaa kama anampelekea mtu zawadi.”

Daktari alichungulia dirishani. Chiriku walikuwepo wote sita, wakirukaruka. Kanari hakuwepo. Basi ndege wake alikuwa ametumika kumhonga mwanamke, tena mwenye kicheko kizuri. Alimpigia Fundi, simu ikaita, kisha ikakatwa. Aliumia, na maumivu yale aliyajua vizuri.

Alimfuata kibandani kwake kazini. Mwanamke mwenye gauni jekundu alikuwa ameegemea meza, anacheka. Alipokea saa yake, akashukuru, akaondoka.

“Nani yule?”

“Mteja.”

“Na ndege wangu naye umempa mteja?”

Kabla Fundi hajajibu, kanari aliimba nyuma ya pazia. Daktari alilivuta. Kanari alikuwa peke yake katika tundu dogo, shingo na mgongo vitupu, ngozi nyekundu kama ya kifaranga.

“Nani kamfanya hivi?”

“Chiriku wangu. Walimnyonyoa manyoya wakatengenezea viota. Akawa kimya kabisa. Nikamtenga, nikamleta hapa, ndiyo ameanza kuimba tena.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungesema hawakuelewana, na mimi ningekukosa. Nilitaka manyoya yaote kwanza.”

“Yaani ungenirudishia ndege mzima, ukanioa juu ya uongo.”

Fundi aliinamisha kichwa. “Ndiyo.”

Daktari alikaa kwenye kiti cha wateja. Yule wa kwanza hakuwahi kusema ndiyo, hata aliposhikwa. Hasira ilikuwa haijamtoka na mapenzi nayo hayajamtoka, akavichukia vyote viwili.

“Na mimi nikinyonyoka, utanificha nyuma ya pazia?”

“Sitakuficha.”

“Utafanyaje?”

“Nitakwambia nimekukosea. Siku hiyo hiyo.”

Daktari alimtazama. Hakumwamini kabisa, na pengine hatamwamini kabisa maisha yake yote, lakini alimpenda, na kumpoteza kuliuma kuliko kumshuku.

“Ndege wameshindwa, hilo limekwisha,” alisema, akisimama na kulibeba tundu. “Mimi nimekubali. Lakini ukinidanganya tena, hata kwa punje ya mtama, hutaniona.”

Alikuwa ameshafika mlangoni Fundi alipomwita, uso umemshuka.

“Basi nianze leo. Tundu la kule nyumbani lilikuwa dogo. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba watamuumiza, nikanyamaza ili unikubali.”

Daktari alisimama pale pale, akiwa amempa mgongo. Kisha aligeuka, akaliweka tundu mezani, akakaa tena.

“Endelea,” alisema.