Mama wa Saa Kumi na Moja

Treni ilimshusha Ningsih stesheni ya Citayam jua likiwa bado lipo, na kwa muda hakujua aufanyie nini mwanga ule. Siku zote alishuka giza limeshaingia. Leo umeme ulikatika ofisini kwao Jakarta, bosi akawaruhusu mapema. Alichukua pikipiki yake maegeshoni, akanunua tofu za kukaanga za mtoto, akaelekea nyumbani.

Mtaa wao hauna ubaya. Una geti, mlinzi, bembea tatu, na bango linalosema hapa ni mahali pa kulelea familia. Wazazi wa familia hizo huondoka alfajiri na kurudi usiku. Mume wa Ningsih alikuwa mgodini Kalimantan, alirudi kila baada ya miezi mitatu. Binti yao Laras, wa miaka mitano, alishinda kwa jirani, Bibi Tumini.

Bibi alifungua mlango, akamtazama juu hadi chini.

"Umesahau nini tena, mama Laras?"

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Kazi zitakumaliza wewe. Si umeshamchukua saa kumi na moja?"

Ningsih alidhani anataniwa. Bibi akaeleza kwamba wiki tatu sasa mama Laras anawahi kurudi. Anasimama pale nje na jaketi la kijivu kama la Ningsih, helmeti kichwani, barakoa usoni. Ananyoosha mkono, na mtoto anamkimbilia. Haongei. Bibi aliona ni uchovu tu, maana nani ana hamu ya kuongea akitoka kwenye treni ile? Mtaani pale kila anayetoka kazini amefunikwa hivyo hivyo, na hakuna anayemwambia mwenzake avue barakoa.

Wiki tatu.

Wiki hizo zote Ningsih alifika nyumbani kwake saa mbili usiku akamkuta Laras amelala, ameoga, ameshiba, nywele zimesukwa. Bibi alikuwa na ufunguo wa akiba. Ningsih aliamini kwamba bibi ndiye anayemlaza mtoto, kisha anatoka kwa mlango wa jikoni akisikia pikipiki inaingia. Alimshukuru moyoni. Kuuliza hakuuliza, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuuliza.

"Mimi sijawahi kukanyaga kwako usiku, mwanangu," bibi alinong'ona.

Walikwenda pamoja hadi nyumbani kwa Ningsih. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka... Harufu ya wali ilitoka chini ya mlango, na ndani yake harufu nyingine, ya udongo uliolowa. Mtu alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Laras akacheka, kicheko cha tumboni kabisa. Ningsih alijaribu kukumbuka lini alikisikia mara ya mwisho, akashindwa.

Alitegemea kuogopa. Badala yake akahisi ganzi, ganzi ile ile ya kusimama saa nzima kwenye treni.

Akaingiza ufunguo.

Wimbo ukakatika.

"Mama..." Laras alisema ndani, taratibu. "Kuna mtu mlangoni."

Kitu kikaburutwa sakafuni... polepole... kuja upande wao.

Bibi Tumini akamvuta nyuma. Amekulia kijijini, anajua la kufanya. Alirudi mbio kwake akaleta sufuria na mwiko, akaanza kugonga. Majirani wakatoka, wengine wamefika sasa hivi na helmeti bado kichwani, kila mmoja na kifuniko chake, wakigonga na kuita Laras, Laras, kama wazee wao walivyofanya mtoto akichukuliwa na pepo magharibi.

"Mwite wewe," bibi alisema. "Anarudi kwa sauti ya mama."

Ningsih akaita. Jina lilimtoka kavu, kama anaita mteja wa foleni.

Mlango ukafunguka. Laras alisimama peke yake. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mianzi ya nyuma ilikuwa inatikisika bila upepo. Mtoto alimpita mama yake aliyenyoosha mikono, akaenda kumshika bibi nguo.

"Mama amekwenda wapi?"

Baadaye bibi alieleza, ila jina hakulitaja. Yule wa mianzini hawali watoto. Huchukua wasio na wa kuwaangalia, akawaangalia yeye. Akikuta mama yupo, anaondoka. "Kaa nyumbani siku arobaini," alisema.

Ofisi ilimpa siku mbili. Siku mbili hizo Laras alimwita anti, kwa adabu kabisa, na kila jioni alikaa dirishani.

Siku ya tatu Ningsih alirudi kazini. Bibi aliapa kwamba hamkabidhi mtoto kwa mtu asiyeonyesha uso. Magharibi simu ililia. Bibi analia. Alikuwa anaswali tu, alipogeuka mtoto hayupo. Ningsih, amebanwa kwenye treni ambayo bado haijatoka Jakarta, alijibu kwamba yuko njiani. Moyo wake haukubadili mwendo. Hilo ndilo lililomuuma, kidogo.

Alipofika, majirani walikuwa wamesimama mlangoni kwake na masufuria wakimngoja yeye aanze. Bibi alimpa kifuniko na mwiko. Ndani wimbo unaendelea, na Laras anacheka. Ningsih alisikiliza mpaka mkono ukachoka. Kisha akamrudishia bibi vyote viwili.

"Mwacheni amalize kumlaza," alisema.

Wakashusha masufuria. Nao walikuwa wamechoka.

Akafungua mlango. Safari hii wimbo haukukatika. Ulihamia chumbani tu. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa, wali bado wa moto, na kijiko kimoja cha mtu mzima. Alikaa akala wote bila kugeuka nyuma. Alikuwa amesahau utamu wa kupakuliwa chakula. Machozi yalimtoka, akayafuta na mkono wa jaketi.

Saa kumi alfajiri, kabla kengele ya simu haijalia, mkono wa baridi wenye kucha ndefu ulimgusa bega. Ukamtikisa taratibu, asije akakosa treni.