Sumaku Iliyokufa Ikombe

Asubuhi ya Jumatatu, mwaka 1956, roketi ya Bwana Kirbi, Mzungu mtafiti, ilinguruma ufukweni mwa ziwa, Ikombe, imefungwa kwenye kitanda cha chuma. Ilitema moto mweupe, lakini mshale wa kipimo haukutikisika. Sumaku ya kipimo hicho ilikuwa imekufa. Ilikuwa na masizi na udongo mwekundu, na msumari uliogusishwa nayo ulianguka mchangani.

Sajini Lutengano wa polisi aliletwa kwa mtumbwi. Kirbi alimweleza kwamba moto wa roketi hupitisha umeme. Moto huo ukipita kati ya ncha za sumaku huzaa umeme mwingine, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo mshale unavyopanda. Lutengano alisisimka mwili. Kumbe hata pumzi ya moto hupimika mwendo.

Lazaro, mchanganyaji wa baruti, alimnyooshea kidole mfinyanzi Tusekile. Alidai mama huyo alikatazwa kuchomea vyungu karibu na mtambo, akaapa kulipiza, ndipo akaichoma sumaku pamoja na vyungu vyake. Tusekile akatiwa pingu. Jioni angepelekwa rumande Tukuyu.

"Afande, ningetaka kuharibu chuma ningekitupa ziwani," alisema. "Nikipike cha nini? Kina nyama?"

Askari walicheka. Lutengano aliuliza nani mwingine aliyeleta kitu kwenye moto wake. Tusekile akajibu kwamba Jumamosi Lazaro alileta chungu kibichi kilichozibwa kwa udongo, akisema kina dawa ya babu yake, akakichukua Jumapili kikiwa kimeiva. Naye hakukifungua, kwa maana wafinyanzi wa pale hawafungui chungu cha mtu.

"Sajini, utaamini maneno ya mfinyanzi?" Lazaro alidakia.

Lutengano aliutazama mshale wa kipimo. Alijiuliza ni nani anayeogopa utakachoonyesha. Akamwacha Tusekile chini ya ulinzi palepale, akaagiza sumaku ya akiba iliyokwama forodhani Kasumulu.

Ilifika Jumatano. Roketi ya kwanza ilijazwa baruti ya pipa la Lazaro. Mshale ukapanda kidogo, ukaishiwa nguvu. Ya pili ilijazwa baruti ya kasha lisilofunguliwa bado. Moto ulitoka mwembamba, wa buluu, milima ya Livingstone ikaitikia, na mshale ukaruka hadi mwisho wa kipimo.

"Baruti yako ina jivu, Lazaro," alisema Lutengano. "Nzuri iko wapi?"

Lazaro aliketi mchangani, akakiri. Nzuri alikuwa amewauzia wanaolipua samaki mlangoni mwa mto Songwe. Alijua mshale ungemwumbua, na kwamba moto huua sumaku; Kirbi mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Ile dawa ya babu chunguni ilikuwa sumaku.

Lutengano alimfungua Tusekile pingu, akamwomba radhi.

"Ndaga, asante, afande. Lakini mliniketisha nimeupa moto mgongo, sikuona kitu. Mwambie Mzungu awashe tena."

Kirbi akawasha.