Peugeot ya Nehemia

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Gharib bin Saad wa Buzebazeba. Si Gharib Omari wa Bangwe. Ilikuwa mwaka 1994, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakiuza mali zao Mwanga, jirani na Ujiji, nasi tukizinunua bila haya. Gharib alitaka gari la kwendea kazini bandarini, lenye raha kuendesha na nafasi ya watoto. Mkewe, Zuhra, alikuwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika.

Gharib alipenda Peugeot ya mkimbizi aitwaye Nehemia. Walipokubaliana, Nehemia alifungua milango ya nyuma, akasimama kando, akanena Kirundi polepole.

"Unaongea na nani?"

"Nawaambia wanangu washuke, bwana. Subiri kidogo."

Kiti kilikuwa kitupu.

"Kwani wamelala? Siku inakwenda!" Gharib akacheka, akaifunga milango.

Jioni ile alimfuata Zuhra kwa mama yake Ujiji. Zuhra aliketi nyuma ili anyooshe miguu. Njiani umeme ulikatika mji mzima, na injini ikazimika pamoja na taa za gari. Katika giza walisikia springi za kiti zikilia, kama mtu anayejiweka sawa.

"Gharib, hebu ondoa mkono wako."

"Mikono yangu iko kwenye usukani, Zuhra."

Aliwasha kiberiti, akageuka. Zuhra alikuwa amejibana mlangoni. Kando yake kiti kilikuwa kimebonyea, na hapakuwa na mtu. Kanga iliyofunika tumbo lake ilikuwa ikipapaswa taratibu, kutoka upande ule.