Usitikise Mkebe

Meno ndiyo yalimshtua Trizah. Kwa negativu ya picha kila kitu hugeuka: shati jeupe hutoka jeusi, na meno hutoka meusi kama ya mtu aliyetafuna makaa. Basi alipoinua filamu aliyoiosha juzi dirishani, hapo kwao mtaani Kawangware 46, akaona mwanaume amesimama nyuma ya mtoto wake, na meno yake ni meupe pe.

"Mum, kwani huyu ni nani?"

Mama mkwe wake, Kageha, alikuwa akimbembeleza mtoto, maana mtoto alikuwa analia tu tangu Jumapili. Akatazama filamu. Akashusha sauti.

"Ni mtu wa kwetu aliyekufa. Anataka jina lake lirithiwe. Mtoto hulia hivi mpaka aitwe jina la mwenyewe."

"Ana jina. Ni Nabalayo, kama mamangu."

"Mpe la huyu anyamaze! Osha ile filamu ingine, sura itoke vizuri, tumjue."

Trizah alikuwa akiosha filamu zake mwenyewe, kwa dawa ya kahawa, magadi na vitamini C ya kuponda. Njia alizijua mbili. Unaweza kukoroga dawa kali na kutikisa mkebe wenye filamu kila mara. Picha inatoka haraka, giza linabaki giza. Ama unakoroga nyepesi, unaacha mkebe utulie, na dawa inavuta polepole hata vitu vilivyojificha kwenye vivuli. Juzi alitumia hiyo ya kutulia. Yaani alikuwa amemkaribisha mwenyewe.

"Leo natikisa," akasema. "Na nitaweka magadi mpaka ashangae."

Akajifunika blanketi nzito apate giza la kuingiza filamu kwenye mkebe. Akapapasa ncha, akaikosa, akapapasa tena, na hapo harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani na vidole vingine, baridi, virefu kuliko vyake, vikamshika mkono taratibu kama mwalimu anayemfundisha mtoto kuandika, vikaielekeza filamu mahali pake, vikasukuma, vikazungusha, naye akataka kupiga kelele lakini akijifunua filamu itaungua kwa mwanga, kwa hivyo akauma meno, akafunga kifuniko, akatoka jasho likimtiririka.

Akamimina dawa. Akainua mkebe.

Ko, ko, ko. Kutoka ndani.

"Usitikise," sauti ikasema.

Trizah akatikisa.

Mtoto akanyamaza ghafla. Mdomo wazi, kifua kimesimama, midomo inageuka rangi.

"Trizah, hapumui! Wacha itulie, amesema iwachwe!"

"Mtu wa kwenu angemkaba mjukuu wake, Mum? Huyo ni jini! Mpulizie usoni!"

"Mpe mtoto jina langu," sauti ikasema, tamu sasa, ikamnong'onezea Kageha jina lake, na Trizah akaona midomo ya mama mkwe ikianza kujikunja kulitamka, akajua likitoka tu mtoto si wake tena, na akajua pia kwamba filamu ambayo haijatiwa dawa ya kugandisha picha haiwezi kustahimili jua, hata sekunde, na kwamba mle ndani mlikuwa na picha za Nabalayo akikaa mwenyewe mara ya kwanza, ambazo hazingerudi.

Akapiga mlango teke. Akang'oa kifuniko. Kahawa ikamwagika miguuni, naye akaivuta filamu yote nje, mkono kwa mkono, juu ya kichwa chake, katikati ya jua la saa saba.

"Haya, toka uonekane! Si ulitaka kuonekana?"

Kitu kikapiga yowe ndani ya mikono yake. Filamu ikawa nyeusi, mwanzo mpaka mwisho.

Mtoto akavuta pumzi, akalia.

Majirani walitoa vichwa milangoni. Trizah aliingia, akatia filamu mpya kwenye kamera, akamkalisha mtoto kizingitini.

"Utamwita tena!" Kageha akanong'ona.

"Aje. Jua si lipo?" Akainua kamera. "Nabalayo! Angalia mama."