Kiti cha Mfaniseni

Jioni ile Zibuyile alikuwa amebeba abiria wawili garini, na mmoja wao alikuwa marehemu.

Kule kwao Msinga hilo si jambo la kumshtua mtu. Kaka yake, Mfaniseni, aligongwa na gari akibadilisha tairi barabarani, akafa hapohapo. Mwili walishauzika. Lakini roho ya aliyefia njiani hubaki pale ilipoanguka, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, mpaka watu wake waje na tawi la mkunazi, wamwite kwa sifa za ukoo, wamwambie: panda, twende nyumbani. Mama yao, MaZondi, hakuwa amepata usingizi tangu mazishi. Kila usiku alimsikia mwanawe akilalamika baridi.

“Mleteni,” alisema. “Mkimleta nitalala.”

Basi wakaenda. Tawi lilishikwa na baba mdogo Fanozi, na mshika tawi ana sharti lake: hasemi na mtu aliye hai mpaka tawi lifike ndani ya nyumba. Anasema na marehemu tu. Kwenye ile kona ya ajali alisema, “Mfaniseni, mwana wa Mbatha, Shandu, tumekuja kukuchukua,” na Zibuyile akalia mpaka kamasi. Kiti cha katikati kikaachwa wazi. Kaka alipanda, na baba mdogo akawa anamweleza safari taratibu, hapa tunapita mto, hapa tunapanda mlima, usituache.

Lori lilikuwa la Mfaniseni mwenyewe, kuukuu, la kubebea matofali. Zibuyile alifundishwa ufundi na kaka yake huyohuyo, kwa matusi mengi na mapenzi mengi zaidi.

Jua lilipozama akawasha taa. Zilikuwa njano.

Mlima wa pili zikawa rangi ya chai.

Betri haikuwa inapata chaji. Lori la dizeli la zamani halijali, litaunguruma hata betri ikifa, ila taa zikizimika kwenye makorongo yale utawafuata wenzako waliotangulia. Akaliegesha juu ya mteremko, makusudi, pua ikitazama chini. Akaacha injini inanguruma.

“Mfaniseni,” baba mdogo alinong'ona kwa tawi, “tumesimama. Dada yako anatengeneza gari. Usishuke.”

Zibuyile akafungua boneti, tochi mdomoni. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba: umekaza. Akatikisa vichwa vya betri: vimeshika. Altaneta, ile mashine inayozalisha umeme, ilikuwa inazunguka vizuri tu. Akabaki ameduwaa.

Ndipo akasikia mtu anakuja. Hatua moja, halafu kitu kinaburuzwa. Hatua… mburuzo. Hatua… mburuzo.

Harufu ya ugoro. Na ya majani mabichi.

“Ile taa nyekundu ya chaji,” sauti ya mzee ikasema nyuma yake. “Uliposokota ufunguo asubuhi, iliwaka?”

Akafikiri. “Haikuwaka, baba.”

“Ehe. Watu huogopa ikiwaka. Isipowaka kabisa wanafurahi, kumbe umeme hauna pa kupita. Weka bisibisi mgongoni mwa altaneta.”

Akaiweka. Ingekuwa nzima, bisibisi ingevutwa na sumaku. Haikuvutwa.

“Kaboni ya kupitisha umeme imekwisha,” Zibuyile akasema.

“Umefundishwa vizuri.”

“Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kaboni nitaitoa wapi huku porini?”

“Vunja jiwe moja la tochi, betri yake. Ndani lina kijiti cha kaboni. Kisugue juu ya mwamba kitoshe.”

Bila tochi hakuna mwanga, na bila kuzima injini huwezi kuingiza mkono pale. Alisita. Halafu akafikiria mama yake amekaa macho kitandani, akaizima.

Kimya kilichofuata hakikuwa na hata chenene.

Alifanya kazi kwa kupapasa. Akalegeza skrubu mbili, akatoa kipande kilicholika, akasugua kijiti juu ya jiwe, akapima kwa ncha ya kidole, akasugua tena. Mzee alikuwa karibu sana sasa, lakini pumzi yake hakuisikia. Alimsikia akisema tu, kushoto kidogo, bana springi, hapo.

“Wa ukoo gani, baba?” akauliza alipomaliza, maana hata gizani adabu ni adabu.

“Ngubane.”

Na mtoto aliyelelewa vizuri humshukuru mtu kwa sifa za kwao. “Asante, Mbomvu. Umetuokoa. Usiku umeingia, panda, twende nyumbani.”

Ndani ya lori, baba mdogo Fanozi akapiga kioo kwa ngumi.

Mara moja. Halafu mfululizo.

“Nakuja, baba mdogo! Unadhani gari linajitengeneza lenyewe?” Akamgeukia mzee. “Mbele hakuna nafasi, nimebeba watu wa msiba. Kaa nyuma.”

“Nitapata pa kukaa,” mzee akasema.

Zibuyile akapanda. Baba mdogo alikuwa anatikisa kichwa, macho yamemtoka, mdomo ameufumba kwa kiganja. Zibuyile alidhani analaumu kuchelewa. Akasokota ufunguo: taa nyekundu ikawaka, kwa unyonge, ila ikawaka. Akaachia breki. Lori likateremka gizani, likashika kasi, akaachia klachi, injini ikakohoa… ikapokea. Taa nyekundu ikazimika. Taa za mbele zikawa nyeupe, zikamulika barabara yote. Angecheka kwa furaha, ila harufu ya ugoro ilikuwa imejaa pale mbele.

“Mfaniseni,” baba mdogo akanong'ona. Sauti ilikuwa inakatika. “Mfaniseni… uko?”

Njia nzima hakuwahi kuuliza hivyo. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Majani ya tawi yalikuwa yanacheza.

Nyumbani, nyuma ya lori hapakuwa na mtu. Zibuyile akadhani mzee ameshuka kwao kimyakimya. Baba mdogo akaingiza tawi ndani kwa MaZondi, akaliweka mwisho wa nyumba mahali pa wazee waliotangulia, akatamka maneno ya kumpokea. Kama ilivyo desturi, akaletwa mbuzi ayale majani, ishara kwamba aliyefika ni mwenyewe. Mbuzi akanusa. Akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaba.

Baba mdogo akatoka nje. Sasa aliruhusiwa kusema.

“Ulikuwa unaongea na nani kule?”

“Na yule mzee. Ngubane. Kwani hukumsikia?”

“Nilisikia sauti moja, Zibuyile. Yako.”

Zibuyile akageuka kulitazama lori.

“Ulimwita kwa sifa zake,” baba mdogo akasema polepole. “Ukamwambia panda, twende nyumbani. Maneno yaleyale. Na mimi nimefungwa mdomo. Kiti kilikuwa kimoja, mwanangu.”

Mama akatokea mlangoni. Uso wake ulikuwa umelainika, wa mtu aliyetua mzigo.

“Amefika,” akasema. “Nimemsikia akiingia. Lakini hamkuniambia kwamba alivunjika mguu. Maskini mwanangu, anauburuza.” Akarudi ndani.

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za mguu.

“Turudi,” Zibuyile akasema. Alikuwa analia. “Turudi sasa hivi tukamchukue.”

“Wapi? Alishuka wapi, unajua? Pale mteremkoni, au njiani, au amerudi kwenye kona yake? Na tukisimama pale korongoni usiku huu tukaita, unajua watapanda wangapi?”

“Na huyu?”

“Huyu tumemwita kwa heshima. Utamtoa kwa maneno gani, na hatujui kwao ni wapi?”

Zibuyile alipanda lori, akaligeuza likatazama barabara, akawasha taa zote na kuacha injini ikinguruma. Kama Mfaniseni alikuwa anatembea huko gizani, angalau aone kwao ni wapi. Akakaa pale, mkono juu ya kiti cha katikati. Kilikuwa na unyevu, na kijani cha majani yaliyopondwa.

Taa hazikufifia hata kidogo. Kazi ilikuwa nzuri.

Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ya mama, ya chini, ya upole. Alikuwa anamuuliza kama atakula.