Harufu ya Mzee Selemani

Ilikuwa siku ya gulio Mbalizi, kando ya jiji la Mbeya, mwezi wa sita, na ukungu ulikuwa mzito hata wauza viazi walikuwa wanaitana kwa sauti bila kuonana. Asmaa alipita katikati yao akiinua pindo la baibui lisiguse tope. Juu ya baibui alivaa sweta la kijani, na kichwani mtandio wa rangi ya parachichi lililoiva. Alikuwa ametoka Iringa kuja kwenye harusi ya binamu yake, lakini harusi ilikwisha jana. Leo alikuwa anatafuta cherehani.

Aliiona kando ya ndoo za parachichi. Nyeusi, ya kukanyaga, ina maua ya dhahabu shingoni. Nyuma yake alisimama kijana mrefu katika koti la kahawia lililompwaya mabegani.

"Inashona hii, au ni pambo?" Asmaa aliuliza.

"Cherehani haisifiwi, dada. Ni kama mchumba, mtu anaijaribu mwenyewe."

"Huku kwenu wachumba wanajaribiwa? Kwetu Iringa wanaulizwa maswali kwanza."

Kijana alicheka, moshi wa baridi ukamtoka mdomoni. "Basi niulize. Naitwa Anwari."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu baba yangu, Mzee Selemani. Suti nyingi za Mbalizi hii zimepita hapo. Mimi ni seremala. Randa naijua, sindano inanichoma."

Asmaa aliinama, akazungusha gurudumu kwa kiganja. Likaenda laini kama maji. Harufu nzuri ikampanda puani.

"Mbona inanukia udi?"

"Dada yangu Saida ameifukiza siku tatu. Anasema kitu cha marehemu hakitoki nyumbani hivihivi, kinaagwa."

Neno hilo lilimwingia Asmaa moyoni. Mtu anayeaga cherehani atakuwa mtu wa heshima, alisema kimoyomoyo. Walipatana upesi. Anwari akaipakia mwenyewe kwenye buti la basi, akaifunga kwa kamba mara nne, ingawa mara mbili zilitosha. Basi lilipowasha injini alikuwa bado yuko dirishani.

"Nipe namba, nikuulize kama imefika."

"Cherehani haina simu, kaka Anwari."

"Mwenyewe anayo."

Ikafika. Na simu zikaanza.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Anwari alikuwa anauliza kila siku baada ya alasiri.

"Mzima, anakula nyuzi. Wewe umekula?"

"Ugali na maharage. Ila hapakuwa na wa kunicheka."

"Njoo Iringa uchekwe."

Asmaa alikuwa anaishi Kihesa na Shangazi Mwanakhamisi, mjane, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Chumba chake cha kushonea kilikuwa barazani, chini ya bati, na jua la Iringa likishaondoa baridi ya asubuhi linakaa juu ya bati hilo mpaka jioni. Huko Mbalizi ile cherehani ilikuwa imelala kwenye baridi. Hapa iliamka. Wiki ya kwanza ilinukia udi. Wiki ya pili udi ukaisha, pakabaki harufu ya sigara. Sigara nzito, ya miaka, kama ya kuta za baa. Asmaa alifikiri inatoka barabarani. Akafunga dirisha, akaendelea kushona gauni la Eveline, bibi harusi wa Kilutheri, ambaye sherehe yake ya kuagwa kwao ilikuwa Jumamosi.

Jumatano Eveline alilirudisha gauni mikononi, amelinyoosha mbali na mwili kama mtu aliyebeba samaki.

"Fundi wangu, mshono nimeupenda. Lakini gauni hili limelala baa wapi? Mama mkwe wangu ni mzee wa kanisa. Akinikumbatia tu, harusi imekwisha!"

Asmaa aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akaweka pua kwenye meza ya cherehani, akavuta pumzi, akakaa chini.

Si gauni tu lililomwumiza. Baba yake alikufa kwa kifua, na sigara ndiyo iliyomla. Asmaa, wakati huo msichana wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyefua mashuka. Siku ya arobaini aliapa mbele ya shangazi yake kwamba hataolewa na mvuta sigara, hata awe mzuri kama mwezi.

Akapiga simu. "Anwari, kwenu nani anavuta sigara?"

"Hakuna."

"Na wewe?"

"Haki ya Mungu, sijawahi. Kuna nini, mpenzi? Kesho nilikuwa nakuja. Nimekutengenezea kitu."

Alhamisi mchana Anwari aliingia uani na kigoda cha msonobari wa Mafinga, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Alikuwa ametoka Mbeya alfajiri, na lile koti la kahawia lilikuwa bado mwilini. Asmaa alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Anwari akainama kumwekea kigoda miguuni, na jua likawa limeshalipasha koti moto.

Asmaa aliruka nyuma. Harufu ilikuwa ileile.

"Umeapa kwa Mungu, Anwari!"

"Nimeapa nini tena?"

"Nimemfulia baba yangu mashuka yenye damu. Sitamfulia mtu mwingine. Chukua kigoda chako. Na cherehani yako chukua!" Akaingia ndani, komeo likalia.

Anwari alibaki uani, mikono inaning'inia. Kwenye mlango wa jiko Shangazi Mwanakhamisi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa, lakini hakuna alichokosa.

"Njoo hapa, baba."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete mkono." Akanusa vidole vyake, kimoja kimoja. "Sema bismillahi, nisikie mdomo." Anwari akasema. Shangazi akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimezika mume aliyevuta miaka thelathini. Mvutaji ananuka vidole na pumzi. Wewe unanuka mgongo. Koti la nani hili?"

"La marehemu baba."

"Alikuwa analivaa akishona?"

"Kila siku. Huko kwetu baridi."

"Na akivuta?"

Anwari akaleta ukosi puani, akanusa kwa nguvu. "Mimi sisikii kitu, shangazi. Wallahi sisikii."

"Utasikiaje, na umezaliwa humo?" Shangazi akageukia mlango uliofungwa. "Asmaa! Toka huko. Umemfukuza kijana wa watu kwa sigara za marehemu!"

Komeo likafunguka polepole. Asmaa alitoka na macho mekundu, akakaa juu ya kile kigoda bila kukaribishwa.

"Kinakaliwa vizuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Kina mwenyewe," Anwari akajibu. "Nisamehe, Asmaa. Uliniuliza nani anavuta, nikafikiria walio hai tu."

Gauni likalowekwa kwenye maji yenye siki, likaanikwa penye upepo. Kisha wakaishukia cherehani. Kichwa cha chuma walikifuta kwa kitambaa cha sabuni na siki, wakakikausha hapohapo kisishike kutu. Kitambaa kikatoka na rangi ya chai. Mafuta ya zamani wakayapangusa, wakatia mapya. Mkanda wa ngozi wakautupa. Anwari alipolaza kichwa cha cherehani nyuma ili wafute chini yake, akasimama kama aliyeona nyoka.

Chini ya meza palipigiliwa kopo la dawa ya viatu. Ndani vilijaa vichungi vya sigara na mavumbi ya nyuzi.

"Mama alimkataza kuvuta ndani," Anwari alisema. "Miaka yote alikuwa anamwambia ameacha!" Akacheka mpaka akashika meza, Asmaa naye akacheka, na shangazi jikoni akaangusha ungo.

Kicheko kilipokwisha, Anwari aling'oa misumari ya kopo polepole.

"Tukishafuta kote," alisema, "yeye atabaki wapi?"

Asmaa akalipokea kopo, akaliweka kando. Anwari akavua koti, akamkabidhi. "Hili nalo lifue. Nataka unikaribie."

Meza ilisuguliwa kwa siki, ikakaushwa kivulini, na droo wakaijaza mkaa uliofungwa kwenye gazeti, unyonye harufu. Ijumaa jioni Eveline alizamisha pua kwenye gauni lake. "Upepo mtupu," alisema, akamkumbatia Asmaa.

Wiki tatu baadaye Anwari alirudi, amevaa shati jeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Asmaa akamletea koti likiwa limepigwa pasi, na ndani lina mfuko mpya wa kitenge.

"Wa zamani uko wapi?"

Akampa kifurushi cha nailoni kilichofungwa barabara. "Niliufumua kabla sijafua. Sijautia maji."

Anwari alifungua fundo, akasogeza pua. Wiki tatu alikuwa hajalivaa lile koti, na Saida alikuwa amekipaka chokaa chumba alichokuwa anashonea marehemu. Akafumba macho.

"Nasikia," alisema. "Asmaa, nasikia. Ni baba."

Alifunga kifurushi upesi, harufu isitoke yote. Akafuta uso.

"Saida na mjomba wangu wapo barabarani. Wamekuja kwa shangazi yako na neno. Niwaite, au una swali?"

"Moja. Utaniuliza na mimi, au shangazi peke yake?"

"Asmaa, utanikubali?"

"Ningekuwa sikutaki ningeufua na mfuko."

Alivaa koti, akaenda kuwaita. Mlangoni Shangazi Mwanakhamisi alimshika ukosi, akamvuta chini, akanusa.

"Pita, mwanangu," alisema. "Leo unanukia wewe mwenyewe."