Maziwa ya Kwanza

Jumatano asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya malisho ya Bihambwe, mchungaji Hakorimana alikuta ng'ombe mmoja hayupo. Ni yule mweusi wa Mama Adelaïde, mwenye mimba iliyofika. Miti inayofunga mlango wa malisho ilikuwa imerudishwa vizuri, kila mmoja mahali pake. Hakorimana alishuka kumwambia mwenye ng'ombe, na wote wawili wakaenda polisi.

Mpelelezi aliitwa Thierry. Watu walimwita Papa OPJ, kwa herufi za Kifaransa za cheo chake cha upelelezi, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimuuliza Adelaïde ana ugomvi na nani.

Adelaïde alieleza kwamba Ijumaa tribunali ingesikiliza kesi yake ya kuachana na mumewe, Sébastien. Ng'ombe yule alimnunua mwenyewe sokoni Mweso kwa maharagwe ya shamba lake, mbele ya mashahidi, na mashahidi hao walikuwa tayari kusema. Sébastien alidai kwamba ni mali ya nyumba, igawanywe. Jaji alikuwa amekataza mtu yeyote kuhamisha kitu chochote kabla ya hukumu.

"Kama Ijumaa ngombe haiko, watasema ni mimi njo nimeificha," alisema. "Mashahidi yangu wataitwa waongo, na shamba nitanyanganywa. Batoto watakula nini?"

Thierry alipanda malishoni na kuanza na mchungaji. Hakorimana alikiri kwamba Jumanne jioni hakuwepo. Alishuka kununua chumvi ya ng'ombe, akakawia kwenye pombe. Thierry akamwambia kwamba hadithi hiyo inanuka.

"Papa OPJ, mimi niibe ngombe yenye inakaribia kuzaa?" Hakorimana aliuliza. "Hata kilima moja haiwezi kupanda. Kama ni kuiba, ningeiba yenye iko na miguu."

Jibu lilikuwa la kihuni, lakini lilikuwa na akili. Thierry alikwenda kwenye kizuizi cha barabara ya Mweso, mahali ambapo hakuna mnyama anayepita bila mwenyewe kulipishwa. Waliokuwa zamu walisema kwamba hakuna ng'ombe mweusi aliyepita. Basi mnyama alikuwa karibu. Na aliyemchukua alirudisha miti ili ng'ombe wa wengine wasitoroke. Mwizi wa mbali hana huruma hiyo.

Mchana alimkuta Sébastien kijijini Lushebere, kwenye chumba alichopanga tangu atoke nyumbani. Alikuwa mtu wa msituni, mzaliwa wa Walikale. Habari ya wizi haikumsikitisha. Alisema kwamba kama mkewe amepoteza ng'ombe, basi hasara ikatwe kwenye shamba lake. Kwa mdomo huo alikaribia kulala korokoroni. Lakini siku nzima ya Jumanne mpaka usiku alikuwa njiani kutoka Walikale, pikipiki ikizama kwenye matope. Mwendesha pikipiki alithibitisha, akaongeza kwamba mteja yule alisukuma kidogo na kutukana sana.

"Tena ngombe mimi naogopa," Sébastien alisema. "Muulize yule bibi. Ilikuwa ikinikuta mu njia, naingia mu mihogo. Mimi nangoja mbuzi zangu za mahari tu. Tukiachana, kaka yake Athanase atazirudisha."

Alhamisi Thierry alimtembelea huyo Athanase, ambaye nyumba yake iko bondeni, chini kidogo ya malisho. Athanase alimkaribisha vizuri na kumlaumu Sébastien kwa kirefu. Kisha akashauri kwamba dada yake arudiane na mumewe. Mwanamke asiye na ng'ombe wala shamba, alisema, ataenda wapi?

Wakati huo mkewe, Généreuse, aliingia na sahani. Alikuwa mwanamke mchangamfu ambaye hakutaka mgeni aondoke na njaa. Sahanini mlikuwa na maziwa yaliyopikwa yakagandamana, mazito na ya njano kama yai.

Thierry alizaliwa vilimani huko. Alijua maziwa gani yanaganda hivyo motoni: ya ng'ombe aliyezaa jana au juzi, ambayo hayauzwi wala hayatengenezwi jibini, huliwa nyumbani tu. Alitazama uani. Palikuwa na mbuzi mmoja mweupe tu, ng'ombe hakuna.

Thierry alimaliza sahani, akashukuru, akatoka. Aliweka askari njiani, akawaita Adelaïde, Sébastien na mchungaji Hakorimana. Walipofika, alirudi nao ndani.

"Mama Généreuse, ile maziwa ilikuwa ya ngombe gani?"

"Ya dada Adelaïde," Généreuse alijibu akicheka. "Si alituachia mpaka kesi iishe? Imezaa jana, iko nyuma mu migomba."

Hakuna aliyecheka naye.

Athanase alisema kwamba alimficha ng'ombe ili Sébastien asimchukue. Thierry akamuuliza kwa nini basi hakumwambia dada yake. Kisha akammalizia mwenyewe. Mbuzi wa mahari ya Adelaïde walikwenda wapi? Walikwenda kwa baba wa Généreuse. Kwa mbuzi wale Athanase alioa. Dada akiachika, Sébastien atawadai. Dada akifilisika, atarudi kwa mumewe, na hakuna atakayedai chochote.

"Mbuzi ningezitoa wapi?" Athanase aliuliza.

Adelaïde alimtazama. "Mahari yangu njo ilikuolea bibi, kaka. Nilinyamaza. Sasa ulitaka nirudie fimbo ya huyu bwana, juu wewe usilipe."

Sébastien aliangalia chini. Askari alimchukua Athanase. Adelaïde alimfungua ng'ombe migombani, akampa Hakorimana ndama ambebe, mama akafuata bila kupigwa. Kesho yake jaji angemkuta ng'ombe na ndama wake, wote wawili hai.

Généreuse alikuwa amesimama mlangoni na sahani tupu mkononi. Alimuuliza Thierry talaka inaombwa wapi. Thierry akamwonyesha barabara ya Masisi, kwenye tribunali.

Généreuse alivuka ua, akamshika mbuzi mweupe kwa kamba.

"Hii iko yangu," alisema. "Nilinunua na muhogo yangu. Papa OPJ, dada Adelaïde, na wewe Sébastien. Nyote mumesikia?"

Wakasema wamesikia.